Sadaka inayouma: inamuuma nani?

Jumapili moja, kwenye meza ya kuhesabia sadaka, tulikuta bahasha iliyoandikwa "Ada, muhula wa pili". Maneno hayo yalikuwa yamekatwa kwa kalamu ya bluu, na juu yake mtu ameandika "Sadaka". Ndani mlikuwa na shilingi 30,000 za Tanzania. Tulikuwa watu wanne mle ofisini, na kwa muda hakuna aliyesema kitu. Halafu mweka hazina akanong'ona, "Jamani, hii imetoka kwenye ada ya mtoto."

Asubuhi ile mhubiri mgeni alikuwa ametufundisha juu ya kutoa. Alirudia mara tatu kwamba sadaka isiyokuuma haifiki mbinguni. Watu walipiga makofi, kisha wakapita mbele mstari kwa mstari. Nami nilipiga makofi. Mbele ya ile bahasha ndipo nilipoanza kujiuliza: hii imemuuma nani hasa? Imemuuma aliyeitoa, au itamuuma mtoto atakayefukuziwa ada Jumatatu?

Swali hilohilo, likiwa na sura nyingine, lilizuka Kenya mwaka 2024. Jumapili ya tarehe 17 Novemba, Rais William Ruto alisali katika Kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi, jijini Nairobi. Alitoa shilingi milioni 2 za ujenzi wa nyumba ya mapadre, na nyingine 600,000 kwa kwaya na kikundi kingine cha parokia. Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, naye akawapa wanakwaya 200,000. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo zirudishwe. Mitandaoni watu wakagawanyika. Wako waliosema sadaka haikataliwi kwa kuwa hutolewa kwa Mungu, askofu ni mpokeaji tu. Wako waliosema haikuwa sadaka tangu mwanzo. Machi 2025 moto ukawaka upya pale rais alipotoa shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu, na vijana wakaingia barabarani kupinga.

Mwenye bahasha na rais mwenye mamilioni wanaonekana hawana wanachofanana. Ila ukichimba, utaona watu wanabishana juu ya jambo moja: sadaka ya kujinyima ni nini, na nani ana haki ya kusema ametoa?

Sehemu ya mkanganyiko imo ndani ya neno lenyewe. Kiswahili tumelitwika neno "sadaka" mizigo mingi mno. Mwana-kondoo aliyeteketezwa juu ya madhabahu ya Yerusalemu ni sadaka. Sarafu anayopewa ombaomba ni sadaka. Noti inayotumbukizwa kapuni Jumapili ni sadaka, na hata chakula kinacholiwa msibani siku ya arobaini wengine hukiita sadaka. Kiebrania cha Biblia kina majina mbalimbali kwa mambo haya, sisi tunalo moja linalofanya kazi zote. Asili yake ni Kiarabu, shina moja na "kusadiki", kana kwamba mkono unaotoa unathibitisha kile ambacho moyo umekubali.

"Zaka" nayo tunaitumia pamoja na jirani zetu Waislamu bila kumaanisha kitu kimoja. Mwislamu akitoa zaka ya fedha zake anahesabu sehemu moja ya arobaini, yaani asilimia 2.5, ya mali iliyofikia kiwango na kukaa mwaka mzima. Mkristo akisema zaka anamaanisha fungu la kumi la mapato. Na kuna kichekesho hapa: neno la Kiarabu la sehemu ya kumi ndilo lililotuachia "ushuru". Anayenung'unika kwamba fungu la kumi siku hizi limekuwa kama ushuru, kwa upande wa lugha amesema kweli bila kujua.

Malimbuko ni mazao ya kwanza, au kwa mwajiriwa mshahara wa kwanza au nyongeza ya kwanza, kutegemea kanisa. Shukrani hutolewa kwa jambo lililokwisha kutendeka. Ahadi ni kile ulichoandika kwenye bahasha yako ya mwaka. Harambee au changizo ni mchango wa kazi maalumu, kama kupaua kanisa. Dhabihu, neno linalotokana na kuchinja, ni kitu ambacho kikishatolewa hakirudi zizini.

Neno linalotuhusu zaidi leo, hata hivyo, ni letu wenyewe: kujinyima. Litazame vizuri. Lina "ji" katikati. Ukiiondoa hiyo "ji", linabaki "kunyima", na maana yake inageuka kabisa. Anayejinyima anapungukiwa yeye. Anayenyima anampunguzia mwingine. Herufi mbili tu, lakini nadhani ugomvi karibu wote kuhusu sadaka, wa mtaani na wa mitandaoni, umesimama juu ya hizo mbili.

Tuanze na mfano mwepesi, mnada. Katika sharika nyingi za Kilutheri, na si za Kilutheri peke yake, ibada ikiisha watu hutoka nje kunadi vitu vilivyoletwa kama sadaka: mkungu wa ndizi, mayai, maboga, jogoo aliyefungwa miguu. Jogoo wa shilingi 20,000 sokoni anafika 50,000. Aliyemnunua anasema, "Anadiwe tena." Anauzwa 60,000. Kwenye daftari la mhasibu jogoo mmoja ameingiza 110,000, na watu wanacheka kwa furaha. Bibi aliyemleta amesimama pembeni. Huyo ndiye aliyekuwa jogoo wake pekee.

Hapo kuna vipimo viwili, na ndivyo vinavyochanganywa kila siku. Thamani ni kile alichopata mpokeaji, na daftari hulijua hilo. Gharama ni kile alichopungukiwa mtoaji, na daftari halilijui kamwe. Wanunuzi wawili wameongeza thamani, jambo jema. Gharama kubwa yaweza kuwa ilitoka kwa bibi ambaye jina lake halikutajwa kwenye kipaza sauti.

Watu wengi hudhani fungu la kumi linamaliza mjadala: toa kumi, basi. Ukisoma Torati yenyewe utakuta mambo yana matawi. Katika Hesabu 18 zaka ni posho ya Walawi, kabila lisilogawiwa ardhi, nao wanatakiwa kutoa sehemu ya kumi ya hiyo kumi. Katika Kumbukumbu la Torati 14 unaweza kudhani umekosea ukurasa, kwa maana mtoaji mwenyewe na nyumba yake wanaila zaka mbele za Bwana kwa furaha. Kama njia ni ndefu wanaruhusiwa kuiuza, wabebe fedha, na wakifika wanunue chochote roho inachotamani, ng'ombe au kondoo au divai. Kila mwaka wa tatu inawekwa akiba mjini kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Yaani zaka ilikuwa mshahara, sherehe na ghala la maskini kwa pamoja, na ilihesabiwa kwa mazao na mifugo.

Makanisa ya leo hayajibu kwa sauti moja. Wasabato wanalishika fungu la kumi kwa uthabiti na kulitenga na sadaka nyingine. Wakatoliki huzungumza zaidi kuhusu kutegemeza parokia na jimbo kulingana na uwezo wa kila kaya, ingawa neno zaka wanalo. Wengine hufundisha kwamba Agano Jipya halikupanga asilimia. Hata historia haiko upande mmoja. Yapata mwaka 155 huko Roma, Yustino, mwandishi Mkristo wa kale, aliandika kwamba wenye nacho hutoa kila mtu kama apendavyo, na kinachokusanywa huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Ni mwaka 585, kwenye sinodi ya Mâcon katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, maaskofu walipoagiza zaka kwa tishio la kutengwa na Kanisa. Mwaka 779 Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, akaitia katika sheria za dola. Ikawa ushuru kweli.

Sina ugomvi na fungu la kumi. Limewafundisha Wakristo wengi nidhamu, mimi nikiwa mmoja wao. Ila halipimi kujinyima. Mwenye mshahara wa 200,000 akitoa 20,000 anabakiwa na 180,000 za kodi ya chumba, nauli, unga na mkaa. Mwenye milioni 10 akitoa milioni moja amebaki na tisa. Asilimia ni ileile, na nyumba mbili hizi hazitalala usingizi uleule. John Wesley, mwasisi wa Wamethodisti, alisimulia habari ya kijana wa Oxford, ambaye wengi wanaamini ni yeye mwenyewe. Mapato yake yalikuwa pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28 na kutoa 2. Mapato yalipofika 60, aliishi kwa 28 zilezile na kutoa 32. Mwaka wa tatu alipata 90, akatoa 62. Mwaka wa nne 120, akatoa 92. Kwetu mtu akiongezewa mshahara jambo la kwanza ni kuhama chumba, la pili ni kubadilisha simu.

Sasa turudi nyuma, kwa mfalme. Mwishoni mwa 2 Samweli, Daudi anahitaji mahali pa kujenga madhabahu ili tauni ikome, na mahali penyewe ni uwanja wa kupuria nafaka wa Arauna Myebusi. Arauna, kama raia yeyote aliyetembelewa na mfalme, anasema chukua tu: uwanja huu hapa, ng'ombe wa kuteketeza hawa hapa, vyombo vyao viwe kuni. Nani angekataa? Daudi alikataa. Alisema hatamtolea Bwana sadaka za kuteketezwa asizozigharimia, akalipa shekeli 50 za fedha.

Wahubiri wengi wanaitumia hadithi hii kusema sadaka lazima igharimu. Ni sawa, lakini wamesoma nusu. Gharama ilikuwepo hata bila Daudi kulipa: uwanja na ng'ombe vingemgharimu Arauna. Daudi alichokataa ni kupeleka madhabahuni gharama ya mtu mwingine kwa jina lake yeye. Angekubali, Arauna angenyimwa, na mfalme angepigiwa makofi. Sijui kama Askofu Mkuu Anyolo alikuwa na Arauna akilini, sababu alizotoa zilihusu uhuru wa Kanisa na siasa kuingia madhabahuni. Ila vijana wa Kenya waliouliza, "Hizo ni pesa za nani?" walikuwa wanauliza swali la Daudi. Ikiwa ni za mfukoni mwa mtoaji, hayo ni mazungumzo mengine. Ikiwa ni kodi ya mama mboga, basi mama mboga ndiye aliyetoa na wala hakuulizwa.

Hapa ndipo watu huuliza: na mjane je?

Mjane wa Marko 12 ndiye anayehubiriwa kuliko watoaji wote. Yesu ameketi kulielekea sanduku la hazina. Mapokeo ya Kiyahudi yanasema hekaluni palikuwa na masanduku 13 yenye midomo kama tarumbeta, kwa hiyo pengine hata mlio wa fedha uliwatambulisha matajiri. Mjane anatia senti mbili. Biblia ya Union inasema "kiasi cha nusu pesa", maneno ambayo leo hayamwambii mtu kitu. Tuhesabu kwa njia nyingine. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na senti zile mbili zilikuwa sehemu moja ya 64 ya dinari. Saidia fundi anayelipwa shilingi 12,800 kwa siku angekuwa ametia sarafu moja ya 200. Huko Kenya, anayelipwa 640 angetia shilingi kumi. Leo humnunulii mtu hata chapati.

Yesu anasema ametia kuliko wote, kwa sababu wao walitoa katika kilichowazidi, yeye akatoa riziki yake yote. Kipimo ni kilichobaki. Wao walibakiwa na mengi, yeye hakubakiwa na kitu. Ni sarafu yake, tumbo ni lake, uamuzi ni wake. "Ji" ipo kamili.

Lakini fungua tena ukurasa huo usome aya zinazotangulia. Yesu ametoka kuwaonya watu juu ya waandishi wapendao kusalimiwa masokoni na viti vya mbele, "ambao hula nyumba za wajane". Aya mbili baadaye, anatokea mjane ambaye nyumba yake imekwisha. Kisha sura ya 13, mwanafunzi anasifia mawe ya hekalu, Yesu anajibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Wasomaji wa Biblia wamebishana kwa muda mrefu: anamsifu mjane, au anaomboleza juu ya mfumo uliomkausha? Mimi sioni kwa nini tuchague. Unaweza kumvulia kofia mjane na kuwakasirikia waliomfikisha pale. Angalia pia kwamba Yesu hakumgeukia mjane wa pili akamwambia, "Na wewe fanya hivyo." Mfano wa mjane umetolewa kwa wanafunzi ili wajifunze kuona, na naamini umeharibika kila ulipotumiwa kukamua wajane wengine.

Upo upotofu wa upande wa pili pia, na huu husemwa na watu wema: maskini asitoe, apewe tu. Paulo asingekubali. Makanisa ya Makedonia, Filipi na Thesalonike na jirani zao, yalikuwa katika umaskini mwingi, na yalimsihi yeye ayaruhusu kuchangia watakatifu wa Yerusalemu waliokuwa na shida. Wanawake wa Kikristo wa Mizoram, kaskazini mashariki mwa India, tangu mwaka 1910 wamekuwa wakitenga kiganja kimoja cha mchele kila wanapopika, na mchele huo ukauzwa kuendesha kazi ya kanisa. Mchele wao, jikoni mwao. Ukimwambia mama wa namna hiyo "wewe acha, huna kitu", umemfanya mgeni katika nyumba ya Baba yake.

Yote hayo ni kweli, na bado kuna mpaka. Yesu mwenyewe aliuweka, katika habari ambayo sijawahi kusikia ikihubiriwa siku ya harambee. Marko 7. Kulikuwa na desturi ya kutamka neno "Korbani", yaani wakfu, juu ya mali. Mtu angewaambia wazazi wake: kile ambacho mngesaidiwa nacho na mimi ni Korbani, kimeshakuwa cha Mungu. Wazazi wangefanya nini? Huwezi kugombana na hekalu. Yesu anasema kwa desturi hiyo wamelitangua neno la Mungu, "waheshimu baba yako na mama yako".

Korbani yetu haina jina, lakini ipo. Ni kijana aliyetoa kiwanja cha familia kwa "huduma" na mama yake anakatiza dozi ya dawa za presha. Ni baba aliyemaliza ahadi ya jengo huku hela ya matumizi nyumbani ikiwa haijaonekana wiki ya pili, na mkewe anakopa unga dukani kwa Mangi. Ni mama aliyekwenda kwa wale wa mikopo ya kausha damu Ijumaa ili asiaibike Jumapili jina lake litakaposomwa, na Jumanne wakaja kuchukua jiko la gesi na televisheni. Ukiwauliza watakwambia wamejinyima. Wengine wamedanganywa hivyo. Lakini mama wa presha hakujinyima, alinyimwa. Watoto wasio na jiko hawakuulizwa. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ni mbaya kuliko asiyeamini, na maneno makali namna hiyo hakuyaandika juu ya mtu asiyemaliza bahasha.

Juu ya mkopo ana neno la wazi vilevile. Nia ikiwepo, anasema katika 2 Wakorintho 8:12, sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Fedha ya kausha damu ni mfano mkamilifu wa kitu usicho nacho. Aya inayofuata anaongeza kwamba hakusudii wengine wapate raha na wao wapate dhiki.

"Lakini Malaki alisema tunamwibia Mungu." Ndiyo, sura ya 3, na karibu kila mwumini wa nchi hizi anaweza kuikariri aya ya 10, ya ghala na madirisha ya mbinguni. Kitabu kina sura nne tu, hakichukui hata nusu saa. Katika sura ya 1 Mungu anawalaumu makuhani kwa kupokea wanyama vipofu na vilema: haya, mpelekee liwali wako mnyama huyo, je, atakuwa radhi nawe? Neno "liwali" mtu wa pwani analielewa bila kamusi. Na aya tano kabla ya ile ya madirisha, Bwana anasema atakuja kushuhudia juu ya wanaomwonea mwenye kuajiriwa kwa ajili ya mshahara wake, na mjane, na yatima. Kwa hiyo tajiri asiyewalipa wafanyakazi wake miezi mitatu, kisha akanunua viti vya kanisa 200 na jina lake likatangazwa, yumo Malaki 3 mara mbili, na aya ya 5 imemwahi kabla ya aya ya 10. Zakayo alielewa mpangilio huu. Aliahidi nusu ya mali kwa maskini, na kwa aliowanyang'anya akarudisha mara nne. Waliodhulumiwa walirudishiwa chao, wala hakuwageuza kuwa sehemu ya sadaka yake.

Kuhusu "kupanda mbegu" sitakaa sana. Picha ni ya Paulo: apandaye haba atavuna haba. Lakini mavuno anayoyataja ni utele wa matendo mema na shukrani kwa Mungu, kutoka kwa watu waliosaidiwa. Anayeambiwa atoe 50,000 ili Ijumaa apate milioni tano ameuziwa mkeka wa kubeti. Tofauti ya kampuni ya kubeti na mhubiri huyo ni kwamba mkeka ukichanika, kampuni haikwambii kuwa hukuwa na imani ya kutosha. Na anayetoa ili apate zaidi, hata ikimuuma, kwangu huyo bado hajajinyima. Ameahirisha kula.

Kanisa la mwanzo lilikuwa macho kwa mambo haya kuliko sisi. Mafundisho ya kale yanayoitwa Didake yanasema nabii akisema katika Roho "nipe fedha" asisikilizwe, ila kama ni kwa ajili ya wahitaji wengine. Yanasema pia sadaka yako itoke jasho mikononi mwako mpaka ujue unampa nani. Paulo, alipobeba mchango wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alifuatana na watu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu juu ya fedha nyingi zile. Na Musa, wakati wa kujenga hema ya kukutania, aliambiwa watu wanaleta kupita kiasi. Alitoa tangazo kambini nzima kwamba waache, vilivyopo vimetosha. Katika miaka yangu yote ya kusikia matangazo ya kanisa, hilo la "imetosha" sijawahi kulisikia.

Anayeuliza fedha zimetumikaje, basi, hamnyimi Mungu chochote. Anafanya kile ambacho Paulo alikiwekea watu mapema. Na mwenye kutangaziwa kwamba ni lazima, atoe sasa hivi, mbele ya wote, ana haki ya kukumbuka 2 Wakorintho 9:7: kila mtu kama alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima".

Turudi kwenye bahasha. Mabishano yetu mezani yalichukua karibu saa nzima. Mmoja alisema tuiingize kwenye daftari, sadaka ni sadaka. Mwingine alitaka irudishwe siku hiyohiyo. Mchungaji aliposikia alisema tusihukumu karatasi, twende tukaone. Mwandiko ulitambulika, ni mama mmoja anayeuza vitumbua karibu na stendi. Jumatatu jioni tulikwenda wawili, mimi na mzee mwenzangu, tumejipanga maneno njia nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Kuna nini, mnanitisha."

Tulizunguka sana. Tukauliza habari za watoto, tukauliza shule. Mjukuu alikuwa sakafuni akiandika hesabu, sare imeanikwa kwenye kamba. Hatimaye mwenzangu akaitoa bahasha mfukoni, akasema kanisa lisingependa mtoto akose ada kwa ajili ya sadaka.

Mama aliitazama, akaitazama tena, akacheka mpaka akashika mlango. Ada alishalipa tangu Januari, risiti ilikuwa imechomekwa ukutani kwa msumari. Zile 30,000 zilikuwa za kitenge alichokuwa akikiwekea akiba tangu Pasaka, akaghairi.

"Sasa bahasha mpya mia mbili," alisema, "nikanunue ya nini?"